Shilingi za Ng'ambo, Mwigobero

Kabla ya 1966, mtu wa Musoma alikwenda Kisumu na pesa ileile aliyonunulia dagaa nyumbani, shilingi ya Afrika Mashariki. Kisha kila nchi ikatoa yake. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, hadi Novemba 1983, na hata sabuni ikawa ya magendo.

Baba mdogo alibadilisha shilingi za Kenya kimyakimya pale mwaloni Mwigobero, Musoma. Masharti yake nayakumbuka: hakuna biashara usiku, hakuna kupanda mtumbwi wa mtu usiyemjua, na mgeni sharti adhaminiwe na mtu wa mwaloni. Noti zilihesabiwa mezani, kwanza na mwenyewe, halafu na mpokeaji, kila moja ikiinuliwa juani kutafuta alama ya maji. Mwenye haraka alirudishiwa fedha zake. Mwalimu Nyerere akija kwao Butiama, askari walizidi barabarani, na baba mdogo alishinda nyumbani. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ulimstaafisha. Nadhani aliwaogopa majirani kuliko polisi.

Sheria ya 1992 ikaruhusu maduka ya fedha za kigeni. Leo mpwa wangu wa Bunda huuza bitcoin, ingawa Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizo hazitambuliwi kisheria. Hukutana na mnunuzi mchana, ndani ya benki, fedha zikaingizwa kaunta palepale. Ujumbe wa malipo haumtoshi, maana hughushiwa, kwa hiyo hutazama salio. Mnunuzi naye habanduki mpaka muamala uthibitishwe kwenye mtandao, kwani ukishapita haurudishwi. Huchukua dakika kumi, pengine zaidi. Foleni ya benki ni ndefu kuliko hapo.