UZI: Klipu moja ya shehe na Waislamu milioni tano

1/ Usalama ukiwa mada hapa Nakuru, hakosi mtu wa kutuma klipu ya shehe anafoka, halafu anauliza: "Si mnaona vile Waislamu hufundishwa?" Kabla uisambaze, tupitie historia kidogo.

2/ Uislamu si mgeni Bonde la Ufa. Miaka ya 1890 wanajeshi Wanubi walikuwa tayari Eldama Ravine, kabla reli haijafika Nakuru. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu milioni 5.1, karibu 11% ya Wakenya.

3/ Na mahubiri hayakungoja YouTube. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah kule Mombasa, akihimiza Waislamu wajirekebishe. Miaka ya 1980 zikaja kaseti za mihadhara.

4/ Mtandao ulileta shida mpya: anayefoka ndiye anafika mbali. Mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa yalisambaa kwa DVD na video mtandaoni. Julai 2012 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo kwa kuunga mkono Al-Shabaab. Agosti akapigwa risasi, akafa. Dunia nzima ikamjua.

5/ Sasa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, je? Alipinga itikadi hizo hadharani. Juni 2014 naye akauawa kwa risasi, Mombasa. Una klipu yake kwa simu? Haya basi.

6/ Picha hiyo ina gharama. Aprili 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, polisi walifanya msako Eastleigh. Maelfu walikamatwa, wengi Wasomali, wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Wengi hawakuwa na kosa lolote.

7/ Linganisha na Shakahola, 2023. Mahubiri ya huko pia yalikuwa kwa video, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kuna Mkristo wa Nakuru aliyekamatwa kwa sababu tu ni Mkristo? Hakuna, na ndivyo inavyofaa.

8/ Kanuni za kudhibiti mashirika ya dini zilipendekezwa 2016. Makanisa na Waislamu wakazipinga, zikarudishwa nyuma. Baada ya Shakahola mjadala umerudi. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia "tudhibiti wahubiri", muulize: utamshtaki aliyechochea, ama utasaka wote wanaoswali kama yeye?

Mwisho wa uzi. Jibu hapo chini, lakini bila matusi.