Kanisa Lililobaki Mnara

Watu huja Misheni ya Bagamoyo kutazama mnara, na wanaoongoza wageni huanza na habari za Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti. Sina ugomvi nao, ndiyo riziki yao. Lakini mimi ni fundi wa chokaa, na kila nikiutazama ule mnara najiuliza swali la kifundi: mnara ni wa kanisa, sasa kanisa lenyewe liko wapi?

Lilikuwepo. Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja Machi 1868, wakaanza kwenye ardhi waliyopewa na Sultani Majid. Mwanzo yalikuwa mabanda ya miti na makuti. Aprili 1872 kikapiga kimbunga, kile kile kilicholaza mikarafuu ya Unguja, kikabomoa sehemu kubwa ya walichojenga. Mwaka huo huo wakainua kanisa la mawe. Kimbunga ni mwalimu mkali: baada yake hakuna aliyetaka tena kusali chini ya makuti.

Mawe ya pwani yetu ni matumbawe, na kinachoyashika ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Marehemu mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kupanga tanuu. Unalaza magogo ya mikoko na minazi kwa duara, tabaka juu ya tabaka, unaacha tundu katikati la kutilia moto, kisha unarundika matumbawe juu. Moto ukishika haukuulizi kama umechoka, unakesha nao. Mawe yakiiva yanakuwa meupe na mepesi, ukiyamwagia maji yanachemka na kupasuka yenyewe mpaka yawe unga. Unga huo haufai siku hiyo. Unaachwa ulale miezi, na mzee aliyenifundisha alikuwa akiudhika sana akiona mtu anaharakisha chokaa changa ukutani.

Nyumba za kale za mwambao zina vyumba vyembamba kama ushoroba, na sababu ni boriti. Boriti ya mkoko hubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana wa dhiraa sita hivi, ukizidisha inapinda. Nyumba ya tajiri wa Kiswahili inarefuka, haipanuki. Sasa kanisa linataka watu wengi wakae pamoja wamtazame padre mmoja, kwa hiyo upana wake hauwezi kufuata boriti ya mkoko. Hapo ndipo ufundi wa pwani na wa Ulaya ulipolazimika kukaa meza moja: kuta kwa matumbawe na chokaa yetu, matao na kenchi kwa hesabu yao.

Mikono iliyojenga haikuwa ya mapadre peke yao. Misheni ilikuwa ikikomboa watoto katika soko la watumwa la Unguja, ikiwalea na kuwafundisha kusoma, kulima, useremala na uhunzi. Walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo kando ya Misheni. Kengele iliwaamsha na kengele ikawalaza. Nimesikia watu wakikiita kijiji kile cha uhuru bila hata kupepesa jicho. Uhuru ulikuwepo, lakini wenye masharti, na wapo waliokimbia. Mtu aliyenunuliwa mara mbili, hata kama mnunuzi wa pili ana nia njema, ana haki ya kutaka kuona upande wa pili wa shamba.

Masista nao wana habari ambayo wageni hawaambiwi. Walitoka kisiwa cha Réunion, shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa 1849, mwaka uliofuata baada ya utumwa kufutwa huko. Tangu mwanzo shirika lile lilipokea wanawake waliotoka utumwani wao wenyewe. Kwa hiyo msichana aliyeletwa Bagamoyo kutoka sokoni aliweza kupokewa na sista ambaye naye, au mama yake, aliwahi kuwa mali ya mtu. Nyumba yao ni ya 1876. Leo ndiyo makumbusho: minyororo, picha, vyombo, katika vyumba walivyolala wasichana na walezi wao.

Sasa Livingstone. Alifariki 1873 kwa Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuufunga, wakaubeba kwa miguu hadi pwani. Waliingia Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalazwa Misheni usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja, na Aprili ukazikwa London. Kanisa lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Wazungu wengi wamesifiwa kwa safari ile, na mimi naona sifa imwendee zaidi aliyekuwa na mzigo begani. Kwa kanisa, hata hivyo, ilikuwa kazi ya usiku mmoja tu, na mnara umebaki na jina la mgeni huyo wa usiku mmoja.

Kazi kubwa zaidi ilikuja miaka kumi na minne baadaye, na haina kibao cha kulingana nayo. Mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kushika pwani, Abushiri bin Salim na watu wa mrima walisimama. Manowari zikapiga mizinga mji. Watu wa Bagamoyo, Waislamu kwa Wakristo, wenyeji kwa wapagazi waliokwama, wakakimbilia Misheni kwa maelfu. Mapadre walikuwa Wafaransa, si Wajerumani, na Abushiri aliwaacha. Chini ya miembe na minazi ukaota mji wa vibanda. Mashamba ya Misheni yakawa makazi, visima vyake vikawa vya mji mzima. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Bagamoyo, na kwetu haijawahi kuwa ajabu kwamba watu wetu walinusurika uani kwa mapadre. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Baada ya hapo mji ulipungua. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam 1891, na biashara ya misafara ikafifia. Waumini, kinyume chake, waliongezeka, na kati ya 1910 na 1914 likajengwa kanisa kubwa linalosaliwa mpaka leo. La kwanza likakosa kazi, na jengo lisilo na kazi hapa pwani halichukui muda. Chumvi ya bahari inapanda ukutani, mvua ya masika inapenya juu, mbegu ya mtini inaota kwenye ufa, mchwa wanamaliza mbao. Kilichobaki ni mnara, kwa sababu mnara ulipata kazi mpya: kumbukumbu. Nyumba ya Masista imebaki kwa sababu hiyo hiyo.

Watu wanadhani mambo ya kale yanalindwa na sheria. Yanalindwa, ila soma vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Misheni imeanza 1868, imechelewa miaka mitano. Jengo la baada ya hapo linangoja Waziri alitangaze. Bagamoyo ina jina kubwa, iko hata kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006 pamoja na njia ya utumwa na pembe za ndovu, hivyo hutazamwa. Kijijini hakuna anayetazama.

Na kazi yangu nyingi iko vijijini. Mapadre walipoenda bara walijenga vigango, yaani makanisa madogo ambayo padre huyafikia kwa zamu na katekista huyatunza. Jumapili kigango ni kanisa, Jumatatu mpaka Ijumaa ni shule: katekista yule yule, benchi zile zile, ubao umeegemezwa pale pale penye madhabahu, umefunikwa kitambaa siku ya misa. Kizazi kizima cha wasomi wetu wa kwanza kilijifunza kuandika hivyo. Serikali ilipochukua shule za mashirika kwa sheria ya 1969, yakaja majengo mapya ya shule, na vigango vingi vikabaki na kazi moja tu, ya Jumapili.

Kimoja cha vigango hivyo, mwendo wa pikipiki kutoka mjini, waumini wake walishajenga kanisa la tofali karibu na barabara. Cha zamani wakawaachia popo. Kisha kamati ya kijiji na parokia wakakubaliana kitumike: mara moja kwa mwezi kliniki ya mkoba ya mama na mtoto, Jumamosi vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, jioni wanafunzi wa sekondari wasomee humo kwa taa za sola. Wakaniita.

Kabla yangu alipita mkandarasi mmoja. Aliona chokaa inabanduka chini, akaipiga plasta ya saruji kwa kimo cha kifua kuzunguka nyumba nzima, akapaka rangi ya mafuta, akalipwa. Ikapendeza kwa masika mawili. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu toka ardhini na kuutoa pole pole kwenye uso wake. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na chumvi yake. Nilipokwenda, plasta ilikuwa ikidunda ukiigonga, na ilipodondoka iliondoka na ngozi ya jiwe, unaona vipande vya matumbawe vimeganda nyuma yake. Juu ya mstari wa saruji, mahali palipokuwa pakavu tangu zama za Mwingereza, palikuwa pameanza kuloa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mstaarabu sana, akanivuta kando.

“Fundi, kwani tukiongeza saruji ipande mpaka juu, tukamaliza?”

“Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini hapo tutakuwa tumemvika mgonjwa wa homa blanketi la nailoni.”

Akacheka. Akauliza bei ya chokaa, kicheko kikaisha.

Tuliibandua saruji yote kwa patasi ndogo na nyundo ya mbao, maana ukitumia nyundo kubwa jiwe linafuata. Ukuta tukauacha wazi upumue mpaka kiangazi kiishe, huku wazee wakilalamika kwamba nyumba iko uchi. Ndipo tukapiga chokaa iliyolala, kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikinyunyiziwa maji asubuhi na jioni isikauke haraka. Kina mama wa jirani walipeana zamu ya kunyunyizia, na wao ndio walionidai zaidi maelezo kuliko kamati yote.

Umeme ulileta ubishi. Kijana wa sola alitaka kuchimba mifereji ukutani afiche nyaya. Nikakataa, tukapigilia mabanzi, nyaya zikapita juu yake, zinaonekana, na hazijamdhuru mtu. Choo tumekiweka mbali, upande wa chini wa mteremko, maana shimo la choo karibu na msingi wa matumbawe ni kuununulia ukuta ugonjwa mwingine. Popo tuliwatoa kwa kuziba matundu jioni wakisharuka, si kwa sumu, na mavi yao yakaenda shamba la mihogo la mwenyekiti, jambo lililopunguza uchungu wa bei ya chokaa.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya madhabahu. Kuna waliotaka ivunjwe nafasi ipatikane, na kuna waliosema kina mama kunyonyesha mbele yake ni dharau. Mimi si wa dini yao, nilinyamaza. Mama mmoja mtu mzima akasema alijifunzia kusoma humo, ubao umeegemea madhabahu hiyo hiyo, na hakuna malaika aliyekasirika. Madhabahu imebaki, ina pazia.

Nesi wa mkoba anahitaji mahali pa kuning'iniza mizani ya kupimia watoto. Nilizigonga boriti moja moja kwa kisigino cha patasi nikisikiliza. Mbili zilikuwa tupu ndani, mchwa wameacha ganda tu. Tulizibadilisha, na kwenye ya tatu, iliyojibu vizuri, nikafunga pete ya chuma. Siku ya kwanza ya kliniki foleni ilifika nje mpaka kwenye mwembe, watoto wakapimwa wakilia mmoja mmoja, na mzee mmoja wa VICOBA akaomba naye apimwe. Nesi akamkatalia.

Bado mifereji ya bati ya kuvuna maji. Fedha zake zimekwisha kwenye chokaa, na bila mifereji maji ya paa yanadondokea msingini moja kwa moja. Masika ni Machi. Nimemwambia mwenyekiti nitafunga kwa nusu ya ujira wakipata mabati, na kama hawajapata hadi mwisho wa Februari, wachimbe angalau mtaro wa kupeleka maji upande wa mihogo.