Maniema: mchoro wa soko la Nyangwe

Ndani ya kitabu cha safari za Livingstone, kilichochapwa London 1874, kuna mchoro wa wino mweusi: wamama wa soko la Nyangwe wakiuawa. Aliyeuchora hakufika Lualaba. Livingstone ndiye aliyekuwa pale, tarehe 15 Julai 1871. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mmea.

Aliandika kwamba watu kama 1500 walikuja sokoni. Watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa Kiarabu, walibishana bei ya kuku, kisha bunduki zikalia. Waarabu wenyewe walikadiria wafu 330 mpaka 400. Wengi walikuwa wamama, na wengi hawakupigwa risasi: mitumbwi ilibanana, wakajitupa mtoni.