Chifu aliondoka, itongo likabaki

Tanganyika ilibadilisha wenye amri mara mbili katika muda usiotimia miaka hamsini: Mwingereza alimrithi Mjerumani kwa vita, na Desemba 1961 naye akashusha bendera yake. Habari za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, katika mabadiliko hayo husimuliwa kwa mtiririko uleule kila mara: wakoloni waliwakuta machifu, wakawatawala watu kwa mgongo wao, Serikali huru ikaufuta uchifu mwaka 1963, na utambulisho wa wenyeji ukazikwa pamoja nao. Nadhani hesabu hiyo imekosewa tangu tarakimu ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya eneo hili haikuwa na machifu wa kukutwa.

Miongoni mwa Wazanaki na jirani zao wengi, mtu alijulikana kwa ukoo wake, kwa rika lake na kwa ekyaro, yaani nchi ambayo ukoo ulikaa na kuitunza. Palikuwa na waganga wa mvua, na palikuwa na wazee, lakini hakuna aliyekusanya kodi ya watu wote. Rika lililoshika zamu, rikora, ndilo liliizunguka mipaka ya nchi kwa miguu, likifanya matambiko ili ardhi ipoe na magonjwa yakae mbali. Nani angeandikwa kuwa mtawala kwenye daftari la Mjerumani? Ilibidi atafutwe. Burito Nyerere, baba yake Mwalimu Nyerere aliyekuja kuwa rais, alishika uchifu mwaka 1915, na Waingereza waliendelea naye hadi alipofariki mwaka 1942. Mfumo wa mamlaka za wenyeji, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1926, ulikipa kiti hicho mahakama na hazina, na koo zikapangwa chini ya majina ya makabila yenye mipaka ya ramani. Kilichofutwa mwaka 1963, basi, kilikuwa cheo ambacho wazee wengi walikiona kikianza.

Nitaambiwa: na Ikizu, kule Bunda, je? Hoja ni nzito. Waikizu wanasimulia kwamba Nyakinywa alitoka Kanadi akiwa na mvua, akamkuta Isamongo mwenye moto, wakapatana, na utemi ukatokana na mapatano hayo. Ukoloni haukuubuni. Lakini sikiliza simulizi yenyewe inampa mtemi kazi gani: kuleta mvua. Mvua haihitaji karani, na sheria ya Bunge haiwezi kuifuta. Mkoloni alichoongeza ni kodi na hukumu, na hizo ndizo Serikali mpya ilizichukua.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo nalikubali nusu. Inasemwa kwamba dola huru ilibadilisha watu kweli: Kiswahili kikashika ofisi na shule, na baada ya sensa ya 1967 hakuna tena aliyeulizwa kabila lake. Ndiyo, lakini pigo lililoumiza silitafuti huko. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikafika Mara. Kaya zilihamishwa kutoka kwenye miji ya baba zao na kupangwa kwa mistari. Leo Bugwema, huko Musoma, ni kata yenye vijiji vinne, Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji, na mkazi wake akijieleza kwa mgeni huanza na kijiji, mara chache na ekyaro. Kubadilisha mwenye bendera hakukumtoa mtu kwenye makaburi ya babu zake. Kubadilisha mahali pa kulala kulimtoa.

Hata hivyo mahame hayakufutika. Itongo ni mji uliokwisha kuhamwa, unaotambulika kwa mawe ya misingi na miti iliyoota juu yake, na wenyewe wanajua ni wa nani. Nyumba ya Mwalimu kule Butiama iko Mwitongo, penye mahame, karibu na msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mzimu anayewalinda, na nyani wake hawaguswi. Rais aliyeondoa uchifu wa baba yake na kuwahamishia watu vijijini alizikwa hapo tarehe 23 Oktoba 1999, kwenye ardhi ya ukoo.