Shuka Nyeupe kwa Walioanguka Njiani

Kaniki mpya ukiishika kwa mkono wenye jasho hukuachia rangi. Juzi nilinunua moja hapa Mtendeni, na hadi jioni kidole gumba kilikuwa bado na nili, karibu cheusi. Mwenye duka aliniambia waganga humwendea kuchukua tatu kwa pamoja: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mimi nilikuwa nawaza mchoro wa mababu waliopitishwa hapa Tabora wakiwa utumwani. Nikabaki naitazama ile nili kidoleni, maana rangi hizi tatu zilitumika mjini kwetu kama fedha.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, ilibeba kaniki, merikani nyeupe na shanga. Msafiri Stanley, aliyefika hapa mwaka 1871, aliandika kuwa Unyamwezi walipokea shanga nyekundu na kukataa nyingine, na Ugogo wakataka nyeusi. Kwa bidhaa hizohizo zilinunuliwa pembe, na walinunuliwa watu. Ndiyo maana mchoraji wa Tabora hawezi kuchagua rangi kama anayechagua kanga ya harusi. Nyekundu yake iliwahi kuwa bei ya mtoto wa mtu.

Mkunazini, Zanzibar, rangi imeachwa kabisa. Kando ya kanisa kuu la Kianglikana, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Clara Sörnäs wa Sweden alisimamisha sanamu za watu watano ndani ya shimo mwaka 1998. Ni saruji tupu, ila minyororo ni ile ya enzi zenyewe. Ukisimama ukingoni huwezi kusema neno. Hata hivyo nikiwatazama naona walichotendewa tu. Sijui nani alikuwa mfinyanzi, nani aliimba vizuri, nani aliacha mtoto anyonyaye.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga. Kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, ni watu 100 waliochorwa kwenye mbao, kimo cha mtu mzima: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, hata wafunzaji wa mbwa. Rangi zinawaka. Mgongoni kila mmoja ana karatasi ya hesabu, kama ile ya mfanyabiashara, lakini inataja jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, na kazi aliyoijua kabla ya kukamatwa. Kwangu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Rangi inakuita kwa mbali, kisha inakulazimisha uzunguke nyuma umsome mtu.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, Kongo, alikwenda njia nyingine. Miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake kwenye magunia ya unga, akiisimulia kwa Kiswahili cha Shaba, na hakuficha watendaji. Msiri yumo. Huyo Msiri alitoka huku kwetu magharibi ya Tabora, akajenga ufalme Bunkeya na kuuza pembe, shaba na watu. Hapa ndipo sisi tunapobanwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye ujira. Wengine wa kwetu waliuza watu. Na waliotekwa Manyema wakaletwa hapa, wajukuu wao ni majirani zetu. Nyumba moja inaweza kuwa na damu ya muuzaji na ya aliyeuzwa. Ukimpaka mmoja nyekundu na mwingine nyeusi, utampaka nani ipi?

Mimi ningechora njia ya kwenda Kwihara, vumbi lake na miembe yake, na nyeupe ningeiweka akiba hadi mwisho. Aliyeanguka akielekea pwani, kwa homa au kwa njaa, aliachwa palepale bila kuzikwa. Misafara iliyopanda bara ikampita, wapagazi wamejitwika mabunda ya merikani mpya. Kitambaa cha sanda kilipita juu yake, hakuna aliyekikata.

Hicho ningekikata kwa brashi, mtu mmoja mmoja. Shuka ya biashara ilihesabiwa mikono minne tu, haimtoshi mtu mzima. Ningeunganisha mbili.