Batli: Neno la Baharini Katika Kompyuta

Katika kamusi za zamani za Kiswahili, batli ni kipimo cha mwendo wa chombo baharini. Mabaharia walitupa majini kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita kwa muda maalumu. Hesabu iliandikwa daftarini, na daftari nalo likaitwa batli. Neno la Kiingereza lilipita njia iyo hiyo, hata wataalamu wa kompyuta wakaliazima kwa orodha ya matukio ambayo programu hujiandikia yenyewe.

Tuseme hoteli moja ya Kiwengwa, kaskazini mashariki ya Unguja, ina programu ya kuandikisha wageni. Programu hiyo hutumia maktaba ya batli, yaani msimbo uliokwisha kutungwa kwa kazi hiyo. Katika faili la usanidi fundi huchagua kiwango: uchunguzi, taarifa, onyo au hitilafu. Akichagua onyo, huandikwa maonyo na hitilafu tu.

Wapo wanaopendelea neno kumbukumbu. Lakini neno hilo limekwisha kupewa sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Desemba 2021 ulipotangazwa udhaifu wa kiusalama wa Log4j, maktaba ya batli iliyoenea duniani, tahadhari yenye kutaja kumbukumbu ingaliweza kumpeleka fundi kukagua kifaa kizima, na mlango wa wezi ukabaki wazi. Kwa sababu hiyo tunawausia wafasiri na walimu watumie batli.