Mwenye Nyumba Anapogeuzwa Afisa Uhamiaji

Aliyesoma The Lonely Londoners ya Sam Selvon (1956) anajua mtu mweusi alivyohangaika kupata chumba London baada ya vita. Wapo wenye nyumba waliobandika tangazo dirishani kabisa kwamba weusi hawatakiwi, na sheria haikuwagusa. Hata sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, ya 1965, iliziacha nje nyumba za kupanga.

Mimi huwa narudi kwenye mwaka 1968. Machi, Bunge la Uingereza lilipitisha harakaharaka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wasiingie, watu wenye pasipoti za Uingereza mkononi. Oktoba, Bunge lilelile likapiga marufuku ubaguzi katika kupangisha nyumba. Kinaya, ndiyo, lakini angalau mambo yalikuwa mawili: mpaka ni kazi ya serikali, chumba ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji.

Sheria ya Uhamiaji ya 2014 ikayachanganya. Ilijaribiwa West Midlands, kisha tangu Februari 1, 2016 ikatumika England nzima. Kabla ya kukupangisha, mwenye nyumba lazima akague pasipoti au kibali chako. Akimpangisha asiye na haki ya kuishi nchini, anapigwa faini. Tangu Februari 2024 inaweza kufika pauni 10,000 kwa kila mkaaji, na 20,000 akirudia kosa. Akifanya hivyo kwa kujua, kuna hata kifungo.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Waombaji wawili: mmoja kaja na pasipoti ya Uingereza, mwingine ana jina geni na kibali ambacho hujawahi kukiona. Utamchukua nani? Hapo wala chuki haihitajiki, woga tu unatosha. Mahakama Kuu ililiona hilo Machi 2019, ikasema mpango huu unawasababisha wenye nyumba kubagua. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa nayo ikakubali kwamba ubaguzi upo, ila ikaamua kuwa mpango unahalalishwa na lengo lake.

Na siyo wahamiaji wasio na vibali peke yao wanaoumia. Kizazi cha Windrush, waliotoka Karibea wakiwa watoto, walikuwa na haki kamili ya kuishi Uingereza. Karatasi ndizo wengi wao hawakuwa nazo. Kadi za kuwasili, ambazo zingewasaidia kuthibitisha walifika lini, Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe iliziharibu mwaka 2010. Ukimwomba mtu wa namna hiyo kibali, utakuwa unamwomba nini hasa?

Baada ya 1968, tangazo la dirishani lingeweza kutumika kama ushahidi. Siku hizi unaambiwa kwa upole, "Samahani, chumba kimeshachukuliwa." Hilo utalithibitishaje?